Nani Ataulizwa Risasi Ilikwenda Wapi?

Hotuba kwa waongozaji watalii na wanafunzi wa uhifadhi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, waongozaji watalii, askari wa uhifadhi mlioacha doria ili muwe nasi, na ninyi vijana ambao karibuni mtakabidhiwa geti na daftari la wageni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kanuni za kubeba silaha ndani ya hifadhi za taifa. Nina swali moja, na nitalirudia kwa makusudi. Mtu akiingia hifadhini na bunduki, risasi ikatoka, nani ataulizwa ilikwenda wapi?

Naomba mnielewe vizuri. Sikuja kubishana juu ya haki ya mtu kumiliki bunduki nyumbani kwake. Hilo lina mabunge yake na mahakama zake, na kila nchi imeamua kivyake. Wala sikuja kusema bunduki ni haramu hifadhini. Askari waliokaa mbele hapa wanajua kwamba kuna faru wako hai leo kwa sababu mtu alikesha na bunduki begani. Nauliza hilo moja tu. Nani ataulizwa? Kanuni ya silaha isiyoweza kulijibu swali hili haijakamilika, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Turudi nyuma kidogo tuone kanuni hizi zilizaliwaje.

Machi 1894, Yellowstone, Marekani. Hifadhi ile ilikuwa imetangazwa mwaka 1872. Kwa miaka 22 ilikuwa na jina, ilikuwa na mipaka, ilikuwa na sifa dunia nzima, lakini haikuwa na meno. Jeshi lilikuwa likiilinda tangu 1886. Askari walizunguka kwa farasi wakati wa kiangazi na kwa mbao za kutelezea juu ya theluji wakati wa baridi. Lakini wakimkamata jangili, waliloweza kumfanyia ni kumnyang'anya vifaa vyake na kumsindikiza nje ya mpaka. Basi. Hakuna shtaka, hakuna faini, hakuna kifungo.

Siku hiyo skauti wa jeshi aitwaye Felix Burgess alikuwa doria katika bonde la Pelican akasikia milio ya risasi. Akaifuata. Akamwona mtu ameinama juu ya mzoga, anachuna. Mtu huyo alikuwa Edgar Howell, na mzoga ulikuwa wa baisani, yule nyati wa Marekani mwenye manyoya mengi, ambaye wakati huo alikuwa ukingoni mwa kutoweka. Howell alikuwa na bunduki ya masafa marefu, ameiegemeza kwenye mzoga mwingine hatua chache kutoka alipokuwa. Burgess alikuwa na bastola tu. Kati yao ulikuwa uwanda mtupu wa theluji, zaidi ya mita 300, hakuna kichaka wala jiwe la kujificha. Kama Howell angeinua kichwa mara moja, habari ingekuwa nyingine. Upepo ulikuwa mkali, ukimeza kila sauti, na mbwa wa Howell hakushtuka. Burgess akateleza mpaka akafika karibu kabisa, na Howell akajua ana mgeni pale alipoambiwa anyooshe mikono.

Ushujaa wa namna hiyo unastahili pongezi. Lakini sikilizeni kilichofuata. Howell alishikiliwa kwa muda, kisha akaachiwa aende zake. Hakukuwa na kifungu cha kumshtaki. Kwa bahati, mwandishi wa gazeti moja la mambo ya porini alikuwa hifadhini wakati huo. Akaandika, picha za mizoga zikaonekana, watu wakachachamaa. Tarehe 7 Mei 1894, miezi miwili tu baadaye, Rais Grover Cleveland alitia saini sheria iliyoletwa na mbunge John Lacey, na sasa anayeua mnyama Yellowstone aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 au kufungwa hadi miaka miwili.

Kwa nini nawachukua mbali hivyo? Kwa sababu baisani wale walikuwa wamekwisha kufa. Burgess alifika kwenye mizoga. Sheria inayosubiri mzoga ndipo ianze kufanya kazi, imechelewa. Mlinzi anahitaji kanuni inayomruhusu kuchukua hatua mapema, wakati bunduki imebebwa tu na mnyama bado yuko hai. Ndiyo maana sheria nyingi za hifadhi zimegeuza kubeba kwenyewe kuwa kosa. Sheria ya Hifadhi za Taifa ya Tanzania inaitaja silaha pamoja na mtego na sumu: ukikutwa navyo ndani ya hifadhi bila ruhusa, una kesi, hata kama hujagusa manyoya ya mnyama. Wapo wanaoona ni ukali. Mimi naona ni huruma, kwa mnyama na kwa askari pia, maana askari anayemkuta mtu na bunduki kabla haijafyatuliwa ana muda wa kuzungumza naye.

Sasa turudi Marekani, miaka 115 baada ya Howell, maana huko ndiko kanuni hii ilikogeuzwa.

Tangu 1983, mgeni katika hifadhi za taifa za Marekani aliruhusiwa kupita na bunduki yake ikiwa haina risasi na imefungwa mahali ambapo hawezi kuifikia kwa haraka. Hakunyang'anywa. Aliambiwa tu: ukiwa humu, ifunge. Desemba 2008 serikali ikalegeza kanuni hiyo. Machi 2009 jaji wa mahakama ya shirikisho, Colleen Kollar-Kotelly, akasimamisha mabadiliko kwa sababu athari zake kwa mazingira hazikuwa zimechunguzwa. Ungedhani mjadala ungerudi mezani, wataalamu wa wanyamapori waitwe, askari wa hifadhi waulizwe. Haikuwa hivyo. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma aliingiza kifungu cha silaha hifadhini ndani ya muswada uliohusu kadi za mikopo za benki. Kadi za benki, ndugu zangu! Muswada ulikuwa unapendwa, ukapita, na Rais Barack Obama akatia saini tarehe 22 Mei 2009. Kuanzia tarehe 22 Februari 2010, mtu aliyeruhusiwa na sheria ya jimbo kubeba bunduki aliweza kuibeba hifadhini, ikiwa na risasi ndani.

Nawaheshimu waliotetea mabadiliko hayo, na hoja zao si za kutupa. Walisema: mtu mwenye leseni anasafiri kutoka jimbo hadi jimbo, kwa nini awe mhalifu kwa kuvuka tu mstari wa hifadhi? Walisema: hifadhi nyingine ni kubwa na za upweke, mwanamke anayetembea peke yake hamwogopi dubu kuliko anavyomwogopa binadamu. Hoja hiyo ya pili inanigusa, na anayeicheka hajawahi kutembea peke yake mahali pasipo na mtandao wa simu.

Lakini tazameni kilichotokea kwenye kanuni yenyewe. Yellowstone iko katika majimbo matatu, Wyoming, Montana na Idaho, na mgeni anatakiwa kujua sasa hivi amesimama kwenye sheria ya jimbo gani. Akiingia kwenye jengo la serikali, kama kituo cha wageni au ofisi ya askari, silaha ni marufuku kwa sheria ya shirikisho. Akitoka nje, ruksa. Na kubwa kuliko yote: kubeba kumeruhusiwa, lakini kufyatua kumebaki marufuku katika hifadhi ambazo uwindaji hauruhusiwi, nazo ni nyingi. Sheria imempa mtu bunduki yenye risasi mkononi, kisha ikamwambia asiitumie. Siku akiitumia, nani ataulizwa, na ataulizwa kwa sheria ipi?

Jibu halikuchelewa. Mwishoni mwa Mei 2010, miezi mitatu tu baada ya sheria kuanza, watu wawili walikuwa wakipiga kambi Denali, Alaska, hifadhi yenye dubu wakubwa wa kahawia. Wakasikia vishindo vichakani. Mwanamume akatoa bastola yake. Dubu alipochomoka na kumwendea mwenzake, akafyatua, risasi kama 9. Dubu akageuka akarudi vichakani. Hapo ndipo hofu halisi ilipoanza, maana wale wawili walikuwa wanajua jambo moja tu: humo vichakani mna dubu aliyejeruhiwa. Walitembea hadi walipokutana na mfanyakazi wa hifadhi, na wakubwa wa hifadhi wakalazimika kufunga eneo lile hadi dubu alipopatikana amekufa, si mbali na pale alipopigwa. Simlaumu yule mwanamume. Aliogopa kwa ajili ya mtu aliye naye. Nawauliza ninyi mnaojua kazi hii: mnyama aliyejeruhiwa akapotelea vichakani, ni nani anayeingia kumfuata? Si mgeni. Mgeni anapanda gari. Anayeingia ni askari.

Hapo ndipo tufike kwenye swali ambalo wageni hutuuliza kila siku, na ningependa tukae nalo. "Je, bunduki yangu haitanilinda na wanyama?"

Twende taratibu. Nyati dume mkubwa hufika kilo 700 na kuzidi, na pale paji la uso linapokutana na pembe kuna mfupa mzito. Akikukimbilia anaweza kufika kilomita 50 kwa saa. Pigeni hesabu: akiwa mita 30 kutoka ulipo, una sekunde mbili na kidogo. Ndani ya sekunde hizo unatakiwa umwone, utambue kwamba hatishii tu, utoe silaha, ulenge mahali padogo kuliko kiganja kwenye kichwa kinachorukaruka, na nyuma yake pasiwe na mwenzako. Bastola ya mfukoni haimsimamishi. Inamuumiza tu, naye akiumia anakuwa hatari kuliko alivyokuwa.

Waongozaji wa safari za miguu mlioko hapa mnabeba bunduki nzito za .375 au .458, na mmefanya mazoezi hadi bega likaota sugu. Na bado, ukimwuliza yeyote kati yenu kazi yake ni nini, atakwambia ni kuhakikisha bunduki haifyatuliwi. Kusoma upepo. Kusikiliza ndege askari wa kifaru na nyati, yule anayepiga kelele kabla hujaona kitu. Kuwapanga wageni mstari mmoja nyuma yako. Kujua wakati wa kusimama imara na wakati wa kurudi nyuma polepole bila kumgeuzia mgongo. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza. Bunduki ni ya mwisho, na ikitumika kuna ripoti ya kuandika, kuna maswali ya kujibu, kuna ganda la risasi la kuonyesha. Mwongozaji anaulizwa. Kwa hiyo anafikiri.

Huko Alaska watafiti wakiongozwa na Tom Smith walichambua matukio ya miaka 1985 hadi 2006 ambamo watu walitumia kopo la dawa ya pilipili dhidi ya dubu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Dubu wa kahawia waliacha walichokuwa wanafanya kwa asilimia 92 ya matukio, na kati ya watu waliotumia dawa hiyo dubu akiwa karibu, asilimia 98 hawakuumia. Kopo! Linatoa wingu pana, halihitaji shabaha ya mwanajeshi, na dubu anaondoka akiwa hai. Sisemi tukawapulizie tembo pilipili. Ninachosema ni kwamba usalama wa mgeni una njia nyingi, na bunduki mkononi mwa asiyefundishwa iko chini kabisa kwenye orodha.

Najua kuna mtu atanyoosha mkono aseme, mbona Svalbard? Vizuri, tuizungumze. Visiwa vya Svalbard, Norway, vina dubu weupe, na sehemu kubwa ya nchi kavu yake ni hifadhi. Huko anayetoka nje ya makazi anatakiwa na sheria awe na njia ya kuwafukuza dubu, na Gavana wa visiwa anashauri watu wawe na bunduki pia. Kwa haraka utaona wamekwenda kinyume na kila nililosema. Lakini soma zaidi. Dubu mweupe analindwa huko tangu 1973. Ndani ya mji wa Longyearbyen hutembei na bunduki yenye risasi, na kwenye milango ya maduka kuna alama za kukataza silaha. Kila dubu anayeuawa anaripotiwa kwa Gavana, na uchunguzi unafanyika: ulifanya nini kabla ya kufyatua, ulijaribu kumfukuza, ulikuwa umeweka ulinzi kambini? Mtu ameruhusiwa bunduki, na mtu huyo huyo ataulizwa. Kanuni ile ni tofauti na zetu, lakini imekamilika.

Sasa niseme kuhusu askari. Hapa sitaficha hisia zangu.

Tarehe 1 Januari 2012, Mount Rainier, jimbo la Washington. Kulikuwa na kizuizi barabarani cha kukagua kama magari yamefungwa minyororo ya theluji. Ukaguzi wa kawaida kabisa. Dereva mmoja akapita bila kusimama. Askari wa hifadhi Margaret Anderson, mwenye umri wa miaka 34, akaweka gari lake barabarani huko juu ili kumzuia asifike walikokuwa wageni wengi. Yule mtu akamfyatulia risasi kabla hajatoka ndani ya gari. Mumewe alikuwa askari katika hifadhi hiyo hiyo. Waliacha kuwa familia ya watu wanne siku hiyo. Mabinti zao wawili walikuwa wadogo sana.

Tukio lile lilivutwa na kila upande wa mjadala. Mimi sitasema sheria ya 2010 ndiyo iliyomuua Margaret Anderson. Muuaji haombi ruhusa ya kanuni. Ninalosema ni hili: askari wa hifadhi anasimamisha magari maelfu bila kujua kilichomo. Pale ambapo silaha haziruhusiwi, bunduki anayoiona kwenye kiti ni onyo. Pale zinaporuhusiwa, ni kitu cha kawaida, na onyo limeondolewa.

Njooni karibu na kwetu. Virunga, Kongo, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, ilianzishwa 1925. Zaidi ya askari 200 wameuawa humo kwa miaka yote hii. Tarehe 24 Aprili 2020, askari 12 waliuawa karibu na makao makuu ya Rumangabo walipokuta gari la raia likishambuliwa wakaenda kulisaidia. Tarehe 10 Januari 2021 wakauawa wengine 6 wakiwa doria. Hawa walikuwa wanalinda sokwe, ndiyo, lakini siku ya Aprili walikuwa wanalinda watu. Mkiwa mnajadili kama askari wa uhifadhi wanahitaji silaha na mafunzo ya kweli, wakumbukeni.

Na kwa sababu nawapenda askari, nitasema na hili. Swali langu haliishii kwa mgeni. Oktoba 2013 Tanzania ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Tembo walikuwa wanateketea na hatua kali zilihitajika, hakuna anayebisha. Lakini operesheni ilisimamishwa ndani ya wiki chache, na kamati ya Bunge ikaleta taarifa ya Desemba 2013 yenye vifo, mateso, mifugo iliyouawa. Mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Wanavijiji ambao wangekuwa macho na masikio yetu waliogopa sare. Bunduki ya serikali nayo ina risasi, na risasi yake nayo ina mahali ilipokwenda. Nani ataulizwa? Safari ile swali lilifika hadi bungeni. Linapaswa kuulizwa mapema zaidi, kituoni, jioni ile ile doria inaporudi.

Kwa hiyo ninyi vijana wa getini, nawaomba kazi moja tu, na muifanye kwa ukamilifu. Kruger, Afrika Kusini, mgeni anayepita na silaha anaitangaza getini, nayo inafungwa kwa lakiri, yaani muhuri unaoonyesha kama imefunguliwa. Hakuna ugomvi, hakuna kudhalilishana. Fanyeni vivyo hivyo pale kanuni zenu zinaporuhusu mtu kupita nayo: muulizeni kila mgeni, wa gari la kifahari na wa basi, kwa maneno yale yale na kwa heshima ile ile. Andikeni namba ya silaha, hesabuni risasi mbele ya mwenyewe, mpeni stakabadhi. Anapotoka, kagueni lakiri. Ikiwa imekatwa, msikubali maelezo ya mdomo.

Na wakuu wa vituo, hesabu hiyo hiyo iwe kwa doria. Risasi zilizotoka ghalani, zilizorudi, zilizotumika, wapi, kwa nini, nani alikuwepo. Kaguzi hizo zisiachwe hadi mwisho wa mwezi.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Kwenye maswali ningeomba waanze waongozaji wa safari za miguu, hasa wale waliowahi kufyatua na kuandika ripoti, watueleze walichoulizwa na ambacho wanaona walipaswa kuulizwa lakini hawakuulizwa. Karibuni.